Nyuma ya Picha ya Ndoa

Kwetu Bukavu mgeni akiingia nyumbani hupewa vitu viwili kabla ya vingine vyote: kiti na albamu. Maji ya kunawa yanakuja baadaye, chakula baadaye zaidi. Mama mwenye nyumba anarudi jikoni, na mgeni anabaki na picha zenu mapajani, akiwahukumu polepole: huyu amenenepa, huyu alikuwa mzuri, sijui kimempata nini. Picha ikimpendeza anaiomba iwe souvenir, ukumbusho wake, nawe unaichomoa, unaandika maneno mawili matatu mgongoni, anaondoka nayo. Ukikataa, mtaa mzima utaambiwa una choyo. Ndiyo maana albamu zetu zilikuwa na mapengo mengi.

Mimi na mume wangu tuliyajua hayo tangu utoto, na bado tulificha kitu ndani ya albamu. Nikiukumbuka ujinga wetu nacheka kwanza, halafu hasira inanipanda. Sanduku la nguo lilikuwa linafunguliwa na dada zake kila walipokuja kuazima pagne, vitenge vya kujifunga. Godoro lilikuwa linatolewa nje kuanikwa. Albamu peke yake haikuwa na mtu wa kuipekua, kwa kuwa kila mtu alikwisha kuiona. Na tulipiga hesabu kwamba mgeni anaweza kuomba picha yoyote, lakini hakuna mwenye akili zake atakayeomba picha ya ndoa ya watu. Picha hiyo ilikuwa kubwa, imevalishwa katoni ngumu ya studio yenye mfuko nyuma. Tukazitia picha zetu tatu za siri humo.

Sitazieleza sana. Waliotaka kuziona walikwisha kuziona, na hawakuniomba ruhusa. Zilipigwa chumbani kwetu, mtaa wa Nyalukemba, mchana, mapazia yameshushwa. Mikono yangu imefungwa kwa pagne, na katika moja alama za mkanda zinaonekana mgongoni mwangu. Mtu asiyetujua angesema mwanamke huyu anateswa. Mwanamke huyu ndiye aliyeomba, na ndiye aliyechagua pagne.

Kwa nini nilitaka, nimechoka kuulizwa, lakini nitajibu mara moja. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Kuanzia saa moja asubuhi nilikuwa mtu wa kuamua: nani aketi, nani asimame, nani analia kweli na nani anajifanya. Nikitoka shule nilikuwa mke wa mtoto wa kwanza, na ukoo wake ulitazama hata jinsi ninavyoshika mwiko. Chumbani tu ndipo nilipoweza kuacha kujisimamia. Mume wangu ni mtu mpole, hata kuku alikuwa anaomba jirani amchinjie. Mara ya kwanza nilipomwambia ninachotaka, aliniuliza kama nina uhakika, halafu akaniuliza tena. Tulikubaliana kwamba nikisema basi anaacha, na kila niliposema basi aliacha palepale. Sijui ndoa ngapi za wakati ule zilikuwa na makubaliano ya namna hiyo, hata katika mambo ya kupika.

Kamera ilitoka kwa mkubwa wa mume wangu kazini, Mbelgiji wa ofisi ya kahawa, aliyefunga masanduku haraka mwaka ule ambapo wazungu wengi walifunga masanduku. Ilikuwa kamera ya kutema picha yenyewe, unaisubiri mkononi mpaka uso ujitokeze. Bila hiyo tusingethubutu, maana filamu za kawaida zilipelekwa studio mjini, na fundi wa pale aliwajua watu wote na midomo yake haikuwa na kufuli. Nilitaka picha kwa sababu moja tu: sikuwahi kuuona uso wangu ukiwa haujipangi mbele ya mtu. Nilipouona niliupenda. Mume wangu alizitazama kwa muda mrefu, akasema, "Uko muzuri." Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini?

Sasa aingie parrain. Ndoa za kwetu zinasimamiwa na parrain na marraine, mtu na mke wake waliooana zamani, wanaosimama nanyi kanisani na baada ya hapo ni wazazi wa ndoa yenu. Mkigombana mnakwenda kwao kabla ya kwenda kwa baba na mama. Jambo ambalo huwezi kumwambia mama yako, unamwambia marraine, naye anajua kumwambia parrain nusu tu. Parrain wetu alikuwa mkubwa katika ofisi ileile ya kahawa. Alimpa mume wangu kazi, alituombea nyumba, alibeba mtoto wetu siku ya ubatizo. Nilimwita papa bila kujilazimisha.

Lakini papa huyo alikuwa amepanda cheo ndani ya Chama. Nchi ilikuwa imebadili jina ikawa Zaïre, mto umebadili jina, na sisi wenyewe tumevua majina ya watakatifu tukavaa ya mababu. Kravati ilikuwa imepigwa marufuku. Wanaume waliokuwa wakikosa hewa kwa sababu ya tai sasa walikosa hewa ndani ya abacost, koti la Chama lililofungwa mpaka kooni. Na katika picha yetu ya ndoa, kulia kwa mume wangu, parrain amesimama na suti ya vipande vitatu na kravati yenye mistari, akitabasamu mithili ya Mbelgiji aliyepewa mashamba. Kulikuwa na picha zake za namna hiyo katika nyumba nyingi, kwani alikuwa amesimamia ndoa nyingi. Mwaka ule akaanza kuzunguka akizikusanya, nyumba kwa nyumba, asije mtu wa kamati ya Chama akazikuta.

Sisi hatukujua. Jumapili moja baada ya misa alikuja peke yake. Mume wangu alitoka kwenda kutafuta bia, mimi nikampa kiti, nikampa albamu, nikarudi kugeuza bugali. Ndivyo nilivyolelewa. Niliporudi na beseni la kunawa, albamu ilikuwa imefungwa mezani na picha ya ndoa iko ndani ya faili aliyokuja nayo.

"Mama, hii ya ndoa ninaibeba," alisema. "Unajua mambo ya leo. Niko na kravati ndani. Nitabaletea ingine."

Nililitua beseni mbele yake. Nilisema, "Hakuna shida, papa." Ningesema nini? Alikula vizuri, aliusifu mchuzi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, aliongea na mume wangu habari za ofisi. Hakunitazama hata mara moja, na mtu huyo alikuwa na desturi ya kunitazama usoni anapozungumza nami.

Alipokwenda nilifungua albamu. Alikuwa ameichomoa picha ya ndoa na kuiacha katoni yake, na ndani ya mfuko wa katoni kulikuwa na picha mbili tu.

Tulitafuta ya tatu chini ya viti, chini ya kitambaa cha meza, tukijua hatutaipata. Zile mbili tulizichoma palepale katika mbabula, jiko letu la makaa, zikatoa moshi mbaya wa plastiki. Niwe mkweli: siku ile tuliona haya tu, hatukuogopa. Tulifikiri parrain atatuita kwake, atatukemea kama mzazi, marraine atakohoa na kutazama sakafu, na mambo yataishia hapo. Ndiyo kazi ya parrain. Tulingoja wiki tatu, na kila Jumapili kanisani alitusalimia kwa mkono wake uleule mzito.

Wiki ya nne ikaja karatasi ya kutuita sote wawili polisi, Jumatatu asubuhi, kwa jambo linalotuhusu.

Kutoka Nyalukemba hadi mjini ni mwendo wa kutosha kwa watu kukubaliana jambo moja. Mimi ndiye niliyesema, kwa kuwa mimi ni mwalimu na nimezoea kuwapa watu sentensi ya kukariri. Tusieleze. Tusijitetee. Kila mtu akiulizwa aseme: ni yetu sisi wote wawili, na sisi wote wawili tulitaka. Niliona wazi kwamba wakitaka kutubana watahitaji mtu aliyetenda na mtu aliyetendewa. Tukisema neno moja hawatampata hata mmoja. Watabaki na mtu na mke wake, na jambo lililofanyika chumbani kwao.

"Sisi bote babili," mume wangu alirudia.

"Bote babili. Hata bakikuambia nini."

"Hata baniambie nini."

Alinishika mkono barabarani, kitu ambacho wanaume wa Bukavu hawakukifanya. Nilikwenda polisi siku ile nikiwa na hofu, lakini pia na aina ya furaha. Nilikuwa na mtu.

Walimwingiza yeye kwanza. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini tangu saa mbili mpaka jua lilipofika miguuni mwangu. Walipomtoa walimpitisha mlango mwingine, niliuona mgongo wake tu.

Inspekta alikuwa kijana kuliko nilivyotazamia, msafi, mwenye kalamu tatu katika mfuko wa abacost. Picha yangu ilikuwa mezani kwake kifudifudi, na muda wote aliigeuzageuza kwa kidole bila kuifunua, mfano wa mtu anayecheza karata.

"Citoyenne, bwana yako alikulazimisha?" Wakati ule wanawake wote tuliitwa hivyo, yaani raia.

"Hapana."

"Alikupiga."

"Nilimuomba."

Hakuandika. Aliniambia, kwa sauti nzuri kabisa, kwamba nikisema nililazimishwa nitakwenda nyumbani sasa hivi, shule haitajua lolote, na sheria itanilinda. Nilimwambia sihitaji kulindwa dhidi ya mume wangu. Ni yetu sisi wote wawili, nikasema, na sisi wote wawili tulitaka.

"Hiyo siwezi kuandika."

"Sababu gani?"

"Haina pahali ya kuingia."

Nikamwuliza kosa letu linaitwaje. Alifungua kitabu, akanisomea kwa Kifaransa kifungu kifupi kuhusu picha zilizo kinyume cha tabia njema. Nikamwuliza tabia njema ni ipi, imeandikwa wapi, inaanzia wapi na kuishia wapi. Nilikuwa nimeanza kukasirika, na nikikasirika ualimu unanitoka mdomoni. Nikamwuliza pia ni tabia njema ya nani. Kila asubuhi redio inatuambia turudi kwenye desturi za mababu, na kitabu alichoshika kililetwa na Wabelgiji. Tumebadili jina la nchi na la mto na la watoto wetu, kifungu hiki hakikubadilishwa hata mkato.

"Citoyenne, siko hapa juu ya kufundishwa. Tabia njema inajulikana."

"Na nani?"

"Na kila mutu."

"Mimi siijue. Nielezee."

Alifunga kitabu. Kwa miaka mingi nimewaza juu ya majibu yake, na sasa naelewa kwamba hakuwa ananificha kitu. Hakuwa na maelezo. Kifungu kile kilikuwa mfuko mtupu, na mwenye kuushika alitia ndani chochote alichokikuta kwako. Kwa mwingine angetia kalenda ya fundi wa magari, kwa mwingine wimbo wa baa. Kwangu alitia mgongo wangu.

Nikamwambia hatukumwuzia mtu, hatukumgawia mtu, hatukumwonyesha mtu. Hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza, na nikajua kwamba jambo hili alikuwa amelitayarisha.

"Ilikuwa wapi hiyo photo?"

"Imefichwa."

"Imefichwa wapi?"

"Ndani ya album."

"Na album ni ya nini, citoyenne? Kwenu mugeni akiingia munamupatia nini?"

Alikuwa mtoto wa Bukavu, mama yake alimpa wageni albamu kama mama yangu.

"Munamupatia album aone. Basi mulionyesha."

Nilitamani kucheka na nilitamani kumrushia kalamu zake. Tulikuwa tumechagua mahali pekee katika nyumba nzima ambapo kuficha kulihesabika kuwa kuonyesha. Tungezitia chini ya gunia la maharage, angekosa la kusema. Lakini nilikuwa bado sijavunjika. Nilirudia sentensi yetu mara ya tatu, nikakunja mikono, nikamwambia aandike anachotaka, sitasema lingine. Niliwaza mume wangu amekaa chumba cha pili na sentensi hiyohiyo, na wazo hilo lilinipa nguvu.

Inspekta alitazama dirishani kidogo. Halafu akavuta karatasi kutoka chini ya kitabu.

"Bwana yako amemaliza zamani," alisema. "Njoo nikusomee."

Ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa cha ofisi, na sahihi ya mume wangu chini, ile yenye mkia mrefu ninayoijua. Mke wangu ndiye aliyetaka mambo hayo. Yeye ndiye aliyeomba afungwe na apigwe. Yeye ndiye aliyeomba picha. Mimi nilikubali kwa sababu ya kulinda amani nyumbani. Kila mara nilifanya kwa kinyaa.

Nilimwomba anisomee tena mstari wa mwisho. Alinisomea. Nikaomba karatasi niisome mwenyewe, akanipa.

Ninataka kuwa mwenye haki hapa, ingawa imenigharimu. Karibu kila kitu katika karatasi ile kilikuwa kweli. Nilitaka. Niliomba. Picha zilikuwa wazo langu. Asubuhi nzima nilikuwa nimemwomba mtu wa serikali aandike kwamba nilitaka, akanikatalia kwamba hakuna pa kuliingiza neno hilo, na kumbe lilikwisha kuandikwa, kwa wino wa buluu, katika kinywa cha mume wangu, kama shitaka. Inspekta aliponiuliza kama ninakubali maelezo haya, nilisema ndiyo. Nilitia sahihi. Ningekana nini? Kinyaa kilikuwa chake, sikuwa na uwezo wa kukikana.

Dosye, faili ya kesi yetu, ilifungwa baada ya siku chache. Mume wangu alionywa kwa maneno. Kuhusu mimi, iliandikwa barua kwenda shuleni, maana mwalimu analea taifa. Mkurugenzi wetu aliniita ofisini, mlango wazi ili asiseme mtu, akaniuliza swali moja.

"Maman, ni kweli?"

Nilimwambia ni kweli. Aliniambia nisirudi darasani hata kuchukua vitu vyangu, watanitumia. Walinitumia mfuko wenye daftari la mahudhurio lililokwisha, kanga ya kufutia ubao na viatu vyangu vya mvua. Watoto waliambiwa mwalimu amehamia Luberizi kwa wazazi wake. Sijawahi kuishi Luberizi, na sikufundisha tena. Nilishona nguo za watu kwa miaka mingi, na ninashona vizuri, lakini mimi ni mwalimu.

Marraine alikuja mara moja tu, siku ya kazi, akijua parrain yuko ofisini. Alikaa ukingoni mwa kiti. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumpa mgeni albamu.

"Mutoto wangu, nilikuja kukuambia jambo, halafu usiniulize lingine," alisema. "Ile photo nilipata ndani ya mufuko ya abacost yake. Nilikuwa nafua. Ilikuwa imeanza kukunjika."

Alipomwuliza mumewe ni nini hiki, mzee alishikwa. Wiki tatu alikuwa ametembea nayo kifuani, kanisani, ofisini, kwenye mikutano ya kamati. Akajibu haraka kwamba aliikamata kama ushahidi na anangoja siku ya kuipeleka kwa wakubwa. Marraine akamwambia, basi peleka. Akakaa akimtazama mpaka alipovaa viatu.

"Nilifikiri atasema ukweli," marraine alisema. "Sikufikiri atafika kule polisi kweli."

Nilimwelewa. Hata hivyo sikumsindikiza mpaka barabarani. Mtu aliyeiweka picha yangu kifuani wiki tatu hakuulizwa na inspekta hata swali moja kuhusu tabia njema. Yeye alibaki na cheo chake, na baadaye akaongezewa gari. Usaliti wake uliniuma, lakini niliweza kuubeba. Alikuwa mwongo na mwoga na mzee mwenye tamaa, na watu wa namna hiyo wako kila mahali, unawalaani halafu unakwenda sokoni.

Mume wangu alinieleza yaliyotokea ndani kule polisi, siku ya pili baada ya mimi kufukuzwa shule, tukiwa tumekaa uani tukimenya maharage mabichi kwa sababu hakuna aliyeweza kukaa bila kushika kitu. Inspekta alimwambia kuna njia mbili. Mwanaume akimfunga mke wake na kumpiga mpaka alama zionekane, hilo ni jeraha, ni gereza, miaka, na kazi imekwenda. Mwanamke akiwa ndiye aliyetaka, basi ni picha mbaya tu, ni onyo. Achague.

"Nilifikiri weye hawatakufanya kitu," alisema. "Mwanamuke, mwalimu. Nilifikiri batakuacha."

"Tulisema bote babili."

"Alisema hiyo haiandikwe."

"Hata mimi aliniambia hivyo."

Alikuwa anaendelea kumenya, na maharage yalimponyoka yakaingia vumbini, akayaokota moja moja. Nilimhurumia. Ninasema wazi, nilimhurumia, na ningeweza kumsamehe gereza. Mtu akiwekewa miaka mezani asubuhi moja, mke wake akiwa chumba cha pili, hajui kama mwenzake ameshikilia au ameachia, anaweza kuanguka. Labda hata mimi ningeanguka. Kama angesema kwamba mimi ndiye niliyetaka na kuishia hapo, ningekasirika mwezi mmoja.

"Na kinyaa?" nikamwuliza. "Inspekta alikuambia useme kinyaa?"

Aliacha kumenya.

"Hapana," alisema.

"Kwa hiyo neno hilo ulilitoa wapi?"

"Nilikuwa ninaogopa."

"Sikuulize kama ulikuwa unaogopa. Ninauliza ulidanganya nani. Bo ba polisi, ao mimi?"

"Bo," alisema.

Alilisema upesi, na akanitazama alipolisema, na nilitaka sana liwe kweli. Kwa hiyo nikaliamini kwa juhudi, kama mtu anavyoamini dawa. Jambo tulilokuwa tukifanya hatukulifanya tena. Mimi sikuomba, yeye hakuuliza kwa nini siombi, wala hakuonekana kukosa kitu. Nilianza kurudi nyuma katika miaka minne ya ndoa yetu nikitafuta uso wake. Aliponiuliza kama nina uhakika, alikuwa ananitunza au alikuwa anatafuta pa kutokea? Alipozitazama zile picha muda mrefu akasema niko mzuri, alikuwa anatazama nini? Kuna picha ambayo ilipaswa kupigwa, na hakuna aliyeipiga, ya yeye akinitazama.

Tulizaa watoto wengine watatu. Hatukuachana, watu hushangaa nikisema hivyo, wale wachache wanaojua. Ni mume mwema. Anamenya vitunguu, ananipisha njia penye matope, nikiugua halali. Mara moja tena tu nilimwuliza siku ile alidanganya nani, wao au mimi, watoto wakiwa wameshaoa, Zaïre yenyewe imekwisha kufa na inspekta yule sijui alikufa wapi. Alikuwa anasoma gazeti. Alivua miwani, akafikiri kweli, kwa uaminifu wake wote, nikaona kwamba anatafuta.

"Sikumbuke tena," alisema.

Akarudi kwenye gazeti lake. Nilikwenda jikoni nikafunga mlango, nikalia kuliko nilivyolia siku waliponinyima darasa langu, kwa sababu nilijua hadanganyi.